Besi wa Hafodwen

Tegwyn wa shamba la Hafodwen hakuwahi kuanza jambo maishani mwake. Simsengenyi, angekwambia mwenyewe, kama angekuwa mtu wa kukwambia kitu. Alizaliwa miaka minne nyuma ya kaka yake Meurig, akapaona hapo nyuma ni pazuri, akakaa. Mnadani, Meurig ndiye aliyebishana na wachuuzi wa kondoo, Tegwyn akashika lango la zizi. Kasisi akija kuwatembelea, Meurig ndiye aliyemkaribisha kiti, Tegwyn akatia kuni motoni. Hata mbwa wao wa kuchunga waliutii mluzi wa Meurig papo hapo. Wa Tegwyn waliusikia, kisha wakakaa kidogo kuufikiria.

Lakini sauti alipewa, na hapo hakupunjwa hata chembe. Ilivunjika akiwa na miaka kumi na sita, ikashuka wiki nzima, kila asubuhi iko chini kuliko jana, mpaka siku moja akaomba apitishiwe maziwa na baba yake akaweka kijiko mezani. "Haya," baba akasema, "besi tumepata." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yote. Januari ile akasimamishwa nyuma ya Meurig na dada yao Dilys kwenye kanisa la Llanfadyn, akaimba wimbo wa nyumba yao, na kwa miaka hamsini na mitano hakuikosa Januari hata moja.

Sasa hapa lazima nikwambie jambo, maana usipolijua hutaelewa ni nini kilimuua mtu huyu akiwa bado anapumua. Katika mabonde yale ya Wales kuna ibada ya nyimbo za Noeli, wenyewe huiita plygain. Kuanzia Desemba mpaka katikati ya Januari huzunguka kanisa baada ya kanisa. Kinanda hakipigwi. Hakuna kiongozi wa kwaya, wala karatasi inayosema nani anamfuata nani. Kasisi akimaliza sala za jioni hukaa zake, na kanisa zima likanyamaza. Kimya hicho mgeni hudhani kuna mtu kasahau kitu. Kisha watu watatu, wanne, wanainuka benchini bila kuitwa, wanakwenda mbele, mmoja anagonga kijiuma chake cha chuma kupata sauti, wanaimba, wanarudi kukaa. Hakuna makofi. Kimya tena, mpaka wengine wainuke.

Kanuni ziko mbili, na hakuna aliyeziandika. Ya kwanza, wimbo wa nyumba ni wa nyumba. Kama wenyewe bado wanausimamisha, yaani wanainuka kuuimba, hata ukiujua neno kwa neno utauimba bafuni kwako. Ya pili, wimbo ukishaimbwa jioni ile, haurudiwi. Ukiulizia anayerudia anafanywa nini, hawawezi kukujibu, kwa sababu haijawahi kutokea.

Wimbo wa Hafodwen ulitungwa na babu wa babu yao, mshona viatu mwenye kifua kibovu. Una beti tisa, unaanza Adamu akila tunda na unaishia kaburi likiwa tupu, na katikati hakuna pa kupumzikia. Dilys alipofariki, ndugu wawili wakaendelea wenyewe, Meurig kwa teno, ile sauti ya juu ya kiume, Tegwyn kwa besi, na pengo la alto likisikika kama jino lililong'oka mbele. Kisha Meurig naye akaugua figo, akafa mwezi wa Februari. Siku ya maziko Tegwyn alisimama nyuma ya ukuta wa makaburi akiwasha kiko, akawasikia wanaume wawili upande wa pili.

"Masikini, na wimbo nao tumeufukia leo."

"Si yupo Tegwyn?"

"Tegwyn?" yule wa kwanza akasema, akacheka kidogo, bila ubaya wowote. "Tegwyn ni besi."

Asingecheka ingekuwa nafuu. Lile cheko la upole lilimwingia Tegwyn mpaka kwenye mfupa, akalala nalo, akaamka nalo. Januari iliyofuata alikwenda kanisani akakaa peke yake, hakuimba, na hakuna aliyemuuliza. Watu wa kule wana adabu mbaya sana ya kutomuuliza mtu kitu kinachomuuma.

Mwaka uliofuata magoti yakamshinda. Kondoo mia tatu kwa mzee wa miaka sabini na tatu, mlimani, mvua ya ubavu, nani atasema asiuze? Mtoto hakuwa naye, wala hakuwahi kumtamkia mwanamke neno la posa. Hafodwen ikanunuliwa na kampuni ya kupanda miti, na yeye akapewa tarehe: Jumamosi ya tatu ya Januari awe ametoka, aende mjini kwenye nyumba za wazee, ghorofa ya pili. Ibada ya mwisho ya msimu Llanfadyn ilikuwa Jumapili kabla ya Jumamosi hiyo.

Akataka jambo moja tu. Kabla ya kukabidhi ufunguo, wimbo wa Hafodwen usimame tena, na safari hii agonge kijiuma yeye, aanze yeye. Mara moja tu.

Oktoba akampigia simu Heulwen, binti wa marehemu Dilys, muuguzi kule Liverpool. Mtu ambaye hupiga simu mara moja kwa mwaka akikupigia mara ya pili, unakaa chini kwanza.

"Mjomba, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka uimbe alto."

"Mjomba, mimi Kiwelshi changu kimebaki cha kuombea chumvi."

"Basi utaiomba kwa sauti ya alto."

Akacheka, na alipocheka ndipo akasikia, kwenye ukimya wa upande wa pili, kwamba mjomba wake hatanii. Akakubali. Akaomba arekodiwe sehemu ya alto apate kujifunza akiwa zamu. Basi Tegwyn, besi wa miaka yote hiyo, akajifungia kwenye banda la majani makavu, akashika simu kwa mikono miwili kama sahani ya supu, akaimba alto ya marehemu dada yake kwa sauti ya puani, beti zote tisa. Alipofungua mlango kondoo wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

Mwimbaji wa teno alimpata karibu zaidi, na hapo ndipo wenyeji wangevunjika mbavu kama wangejua. Alikuwa Colin, Mwingereza wa Birmingham, dereva mstaafu wa basi, aliyenunua nyumba ya chini ya barabara. Colin alikuwa amejifunza Kiwelshi kwa madarasa ya jioni miaka sita, na bidii yake ilichosha watu. Nyuma ya gari lake alibandika joka jekundu la taifa, kubwa kama sinia, na kila tarehe mosi ya Machi, sikukuu ya taifa la Wales, alijichomeka ua la njano kifuani hata kama anakwenda kumwaga takataka. "Sisi joka letu tunalo ndani," wenyeji walisema, "yeye kalibandika lisianguke." Lakini koo la Colin lilikuwa safi kama maji ya kisima, na hilo Tegwyn alilijua kwa sababu alimsikia akiimba huku akipiga rangi uzio.

Wakafanya mazoezi jikoni Hafodwen kila Jumanne, Colin ana kwa ana, Heulwen akija Jumapili moja moja zamu ikimruhusu. Tegwyn alikuwa mkali kuliko walivyomtarajia.

"Colin, unaimba kama unamteremsha abiria asiye na tiketi."

"Ubeti wa nne una maneno mengi, bwana."

"Ubeti wa nne Kristo anahukumiwa. Ulitaka yawe machache?"

Colin akaufuta uso, akaanza tena. Wiki ya sita, Jumanne moja mvua ikigonga dirisha, walifika mwisho bila kukosea, na Colin akageuka dirishani akajifanya anatazama hali ya hewa. Tegwyn akampa mkate wa zabibu kavu wenye siagi, kipande kinene. Nakwambia, mzee yule hakuwa amefurahi hivyo tangu baba yake aweke kijiko mezani, na alikuwa anaogopa hivyohivyo pia.

Akawaapisha wasimwambie mtu. Colin akauliza si vizuri kumjulisha kasisi angalau. Tegwyn akasema plygain haitangazwi. Hiyo ni kweli, na ni kanuni nzuri ya kujifichia. Maana ukweli wote ulikuwa huu: kama magoti yangemwangusha dakika ya mwisho, hakutaka awepo mtu wa kusema tulijua.

Jumapili ikafika. Heulwen aliendesha gari kwa muda wa saa mbili na nusu akitoka zamu, hajalala, akamkuta mjomba wake amevaa suti ya maziko ya Meurig na ndevu kanyoa mara mbili. Saa moja ya jioni walikaa benchi la sita kutoka mbele, Tegwyn katikati. Kijiuma cha Meurig kilikuwa mfuko wa kulia. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nyuma karibu na mlango, makoti yakitoa harufu ya sufu mbichi.

Wakaanza watu watano wa bonde la juu. Wakarudi kukaa. Kimya.

"Sasa, Mjomba," Heulwen akanong'ona.

"Bado. Hafodwen haiendi ya pili."

Ilikuwa kweli, Meurig alipenda watangulie wengine. Wakaenda dada wawili wazee walioshikana mikono. Kimya. Akaenda baba na mabinti zake watatu, mdogo kavaa viatu vipya vinavyolia kwenye sakafu. Kimya.

"Mjomba."

"Bado kidogo."

Mkono wake ulikuwa mfukoni umekishika kijiuma. Wakaenda wengine, wakarudi. Kimya cha tano kikaanza, na hicho kilikuwa chake, alikuwa amekihesabu tangu Oktoba. Akaegemea mbele. Makalio yakaachana na benchi, naapa yaliachana, upana wa vidole viwili. Hapo akainua macho akakutana na macho ya Gwerfyl, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa benchi la pembeni na wenzake watatu. Gwerfyl alikuwa anamtazama yeye, si kwa bahati, anamtazama kabisa, kama mtu anayesubiri. Tegwyn akadhani keshajua. Akadhani kanisa zima limejua, na linangoja kumwona besi akienda mbele. Magoti yakaisha nguvu. Akakaa.

Kimya kikarefuka. Kasisi akakohoa. Gwerfyl akaitikia kwa kichwa polepole, akainuka na wenzake, wakaenda mbele, akagonga kijiuma.

Sauti za kwanza zilipotoka Tegwyn alidhani ni yeye anayeimba. Ilimchukua mstari mzima kuelewa kwamba kinywa chake kimefungwa. Adamu alikuwa anakula tunda, kwa maneno ya mshona viatu, kwa sauti za watu wengine. Heulwen akamshika mkono wa koti. Colin alikuwa amefungua mdomo akausahau hivyo.

Na waliimba vizuri. Laiti wangeboronga, mtu angepata pa kushika. Besi yao, fundi bomba mmoja mnene, alishuka mahali pa kushukia na kupanda pa kupandia, beti zote tisa, hawakuruka hata moja, mpaka kaburi likawa tupu. Wakarudi kukaa. Wazee kadhaa walikuwa wanajifuta macho, na wawili watatu wakageuka kumtazama Tegwyn kwa upendo.

"Huo si wetu?" Colin akanong'ona.

"Ndio wetu."

"Sasa sisi tunaimba upi?"

"Hatuimbi."

"Twende hivyohivyo," Heulwen akasema, na sauti ilikuwa juu kidogo kuliko ya kunong'ona. "Nani atatukamata?"

"Haurudiwi, mwanangu."

"Sijalala tangu jana asubuhi, Mjomba."

"Najua."

Mwingine hawakuwa nao. Wiki kumi na nne, wimbo mmoja. Wakakaa wakasikiliza wa nyumba nyingine, mzunguko wa kwanza wa makundi ukaisha, wa pili ukaisha, na mwisho kasisi akawaita wanaume wote waende mbele kwa wimbo wa kufungia, kama ilivyo desturi. Tegwyn akainuka bila shida yoyote. Magoti yalikuwa mazima sasa, mashetani hayo. Akaenda kusimama mahali pake pa siku zote, mstari wa nyuma, bega kwa bega na mabesi wengine, akaimba. Colin hakuinuka.

Baadaye ikawa chakula kwenye ukumbi wa jirani, kama kila mwaka: mikate iliyotiwa nyama ya nguruwe, keki, chai kwenye birika kubwa za bati. Watu wakamjia Tegwyn mmoja mmoja wakimbana mkono. Umesikia, mzee? Umesikia walivyouimba? Akajibu amesikia. Kisha Gwerfyl akaja, kikombe mkononi, macho mekundu.

"Mzee Tegwyn, niambie kweli. Nimekukosea?"

"Kwa lipi, Mwalimu?"

"Meurig aliniita hospitali, wiki mbili kabla hajatutoka. Akanipa karatasi, do-re-mi zote kaziandika kwa mkono wake, na unajua mkono wenyewe ulivyokuwa siku zile. Akaniambia, 'Usiuache ufe. Tegwyn hatausimamisha. Anaupenda kuliko mimi, lakini ataogopa. Mpe mwaka wa heshima, kisha imbeni.'" Gwerfyl akakiweka kikombe mezani. "Nikampa mwaka. Na mwaka huu nikasema nangoja mpaka ibada ya mwisho. Leo nimekutazama, uliniona? Nilijiambia, akisimama, hata akisimama peke yake, sisi tutaimba mwingine, na karatasi nitamrudishia. Nikangoja mpaka kasisi akakohoa. Nilipoona umetulia nikajua unaniruhusu."

Heulwen akafungua mdomo. Tegwyn akautafuta mkono wake chini ya meza akaukandamiza, kwa nguvu, mpaka muuguzi yule ambaye ameona mengi akafunga mdomo.

"Nilikuruhusu," Tegwyn akasema. "Mmeimba vizuri sana, Mwalimu. Angefurahi."

Gwerfyl akashusha pumzi, mabega yakamshuka. Mama wa watu alikuwa ameibeba karatasi ile karibu miaka miwili akiogopa siku hii. Akamshika Tegwyn bega. "Alikujua ndugu yako, eh?"

"Alinijua."

"Basi mwakani uje utushikie besi. Huyu fundi wetu anatufaa, lakini si wewe."

"Nitakuwa mjini," Tegwyn akasema. "Ngazi ni nyingi kule."

Akanywa chai yake mpaka mwisho, akamsifia mke wa kasisi keki, akaaga kila mtu. Nje ilikuwa imeanza theluji nyepesi isiyokaa chini. Colin akapanda kiti cha nyuma bila kuambiwa. Heulwen akatia ufunguo lakini hakuuzungusha. Alikuwa analia kwa hasira, na hakujificha.

"Kwa nini umenizuia? Neno moja tu, Mjomba. Angejua tulikuja kuimba. Wote wangejua."

"Angejua, halafu? Alale vipi leo?"

"Na wewe utalala vipi? Watakaa na hilo milele, kwamba uliogopa. Mjomba Meurig alikosea, na mimi shahidi, na Colin shahidi. Ulikuwa tayari."

Tegwyn alitazama mlango wa kanisa, ambapo kasisi alikuwa anazima taa moja moja.

"Meurig hakukosea," akasema. "Yule mama alinipa nafasi, akaningoja. Nilikaa."

Heulwen akawasha gari. Wakarudi Hafodwen.